Hadithi ni ya zamani, sauti ni ya nani?

Riwaya ya kwanza ya Agatha Christie, ile iliyomtambulisha mpelelezi Hercule Poirot, ilichapishwa Marekani mwaka 1920. Leo imo mtandaoni ikisomwa kwa sauti na wasomaji wa kujitolea, bure, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Msikilizaji aliyeko Chicago anaweza kuipakua, kuinakili, kuigawa mtaani kwake, hata kuiuza, na hakuna wa kumuuliza. Aliyeko London akifanya hivyo hivyo kwa faili lile lile anavunja sheria, na hali hiyo haitabadilika mpaka mwisho wa mwaka 2046. Wa Mombasa au Dar es Salaam je? Kwake tarehe ya kuangalia ni Desemba 31, 2026.

Kitabu kimoja, sauti moja, majibu matatu. Na hapo bado hatujafika kwenye swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: sauti yenyewe ni mali ya nani?

Nayauliza haya kwa sababu simulizi za sauti za Kiswahili zimeshamiri. Fungua YouTube jioni yoyote utamkuta mtu anasoma riwaya ya kijasusi kwa sauti nzito, muziki wa kutia hofu ukipita chini chini, sehemu ya kwanza hadi ya arobaini. Wasimulizi wengi wanaongozwa na moja kati ya imani mbili. Kuna wanaoamini kwamba kitu cha zamani hakina mwenyewe. Na kuna wanaoamini kwamba kitabu cha mtu hakiguswi kamwe, ukikigusa utaburutwa mahakamani. Wa kwanza wanasoma hadharani kazi za marehemu ambao warithi wao bado wana haki zote. Wa pili wanaogopa kazi ambazo wangeweza kuzirekodi kesho asubuhi bila kumwomba mtu yeyote. Kati yao, nadhani hasara kubwa iko kwa hawa wa pili, maana hazina ya hadithi za safari za hatari na za upelelezi iliyo wazi kwa kila mtu ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na hesabu ya miaka. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya na Tanzania zilijiunga nao miaka ya 1990, unaweka kiwango cha chini: kazi ya mwandishi inalindwa katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi ikitaka kuongeza, ruksa. Kenya na Tanzania zimebaki kwenye 50. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimepanda hadi 70. Hesabu haianzi siku ya msiba bali mwisho wa mwaka wa msiba, na ndiyo maana vitabu hufunguka, yaani huwa mali ya umma ambayo yeyote anaweza kuitumia, Januari mosi. Zanzibar, kwa anayeandika kutoka huko, ina sheria yake ya hakimiliki na ofisi yake, tofauti na ya Tanzania Bara.

Marekani ilishika njia nyingine. Kwa vitabu vilivyotoka kabla ya 1978 haiangalii mwandishi alikufa lini, inaangalia kitabu kilichapishwa lini, na kulinda kwa muda usiozidi miaka 95. Januari 1, 2026 vilifunguka vya mwaka 1930. Kwa hiyo kwa Wamarekani Agatha Christie anafunguka kidogo kidogo, kitabu baada ya kitabu: riwaya yake ya 1926 kuhusu kifo cha Roger Ackroyd ilifunguka mwaka 2022, na ile ya 1934 ya mauaji ndani ya treni itasubiri hadi 2030. Kwetu atafunguka kwa mpigo mmoja. Alifariki Januari 1976. Ongeza 50, Januari 1, 2027 Poirot na Miss Marple na maiti zao zote wanakuwa mali ya umma Kenya na Tanzania.

Usikimbilie maikrofoni bado. Ukirekodi riwaya hiyo ya treni ukiwa Nairobi mwaka 2027 na kuipandisha YouTube, kwa sheria ya Kenya uko salama. Lakini YouTube ni kampuni ya Marekani, na huko kitabu hicho kitakuwa bado kinalindwa. Wenye haki wakilalamika, video itashushwa na huenda akaunti yako ikapata alama ya onyo. Msikilizaji wako wa Leicester naye yuko chini ya sheria ya Uingereza. Rekodi hiyo hiyo ukiitoa kwenye redio ya mjini kwako, tatizo hilo halipo.

Kwa waandishi waliokufa mapema zaidi hakuna haja ya kuumiza kichwa. Robert Louis Stevenson, aliyeandika hadithi ya kisiwa na hazina ya maharamia, alifariki Samoa mwaka 1894. Jules Verne alifariki 1905, H. Rider Haggard 1925, Arthur Conan Doyle 1930, Maurice Leblanc 1941, H. G. Wells 1946. Hesabu 50 au 70, wote wamevuka. Marekani pia, vitabu vyao vinavyojulikana zaidi vilitoka mapema kiasi kwamba miaka 95 imekwisha zamani.

Ila Conan Doyle anahitaji maelezo zaidi, maana hakuna mwandishi wa upelelezi ambaye haki zake zimezungushwa kama zake.

Sherlock Holmes na wenyewe wake

Conan Doyle aliuza haki za hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes, iliyotoka mwaka 1887, kwa paundi 25 tu, haki zote. Baadaye akaandika nyingine, jumla zikafika riwaya nne na hadithi fupi 56, ya mwisho ikatoka mwaka 1927. Uingereza hakimiliki yake iliisha mwaka 1980 chini ya sheria ya miaka 50. Watu wakachapisha, wakaigiza, wakarekodi. Kisha mwaka 1996 Uingereza ikapanda hadi 70 ili kulingana na Ulaya, na Holmes aliyekuwa mali ya umma kwa miaka 15 akarudishwa mikononi mwa wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2000. Kwa hiyo yule anayesema kitu kikishafunguka hakifungiki tena, hii ndiyo hoja dhidi yake.

Marekani ndiko kulikokuwa na vita hasa. Kwa kuwa huko hesabu inakwenda kwa mwaka wa kuchapishwa, kufikia miaka ya 2010 hadithi nyingi za Holmes zilikuwa zimeshafunguka, zimebaki kumi tu zilizotoka kati ya 1923 na 1927. Kampuni inayosimamia mirathi ya Conan Doyle ikajenga hoja ya ajabu. Ilisema mhusika huyu hakukamilika mpaka hadithi ya mwisho. Utu wake ulikuwa unakua, na kwa kuwa sehemu ya mwisho ya ukuaji huo bado inalindwa, basi mhusika mzima analindwa. Anayetaka kumtumia Holmes popote, kwa namna yoyote, alipe.

Mwanasheria mmoja wa California, Leslie Klinger, ambaye pia ni mhariri na mpenzi mkubwa wa Holmes, alikataa kulipa na akaenda mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliyoko Chicago, kwa kalamu ya Jaji Richard Posner, ilimpa ushindi. Mhusika wa hadithi zilizofunguka amefunguka. Kinachobaki kulindwa ni yale mapya tu yaliyoletwa na hadithi kumi za mwisho, kwa mfano mke wa pili wa Dk. Watson, rafiki wa Holmes. Baadaye mahakama hiyo iliwaamuru wenye mirathi wamlipe Klinger zaidi ya dola 30,000 za gharama za mawakili, na jaji hakuficha maoni yake: aliufananisha mtindo wao wa kudai ada na unyang'anyi.

Ungedhani hapo wangetulia. Mwaka 2020 walimshtaki mwandishi wa vitabu vya dada mdogo wa kubuni wa Holmes, pamoja na Netflix iliyoonyesha filamu yake. Safari hii hoja ilikuwa kwamba Holmes wa hadithi za kwanza ni mtu baridi asiyejali hisia za watu, na kwamba upole wake ulikuja baada ya Conan Doyle kupoteza mwana na ndugu katika kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani katika zile hadithi kumi. Kwa hiyo Holmes mwenye huruma ni wao! Kesi ilifutwa mwaka huo huo kabla mahakama haijaamua. Januari 1, 2023 hadithi za mwisho nazo zikafunguka Marekani, na tangu hapo huruma ya Holmes haina mwenyewe.

Mabishano hayo yana mzee wake. Mwaka 1906 Maurice Leblanc, Mfaransa aliyembuni mwizi mstaarabu Arsène Lupin, alimwingiza Sherlock Holmes katika hadithi yake bila ruhusa. Conan Doyle akalalamika. Leblanc akabadilisha herufi mbili tatu, Holmes akawa Herlock Sholmès, na hadithi zikaendelea kuuzwa kama kawaida. Hakimiliki hailindi wazo la mpelelezi mwenye akili kali na rafiki wa kumstaajabia. Inalinda namna mwandishi fulani alivyoliandika. Ndiyo maana Muhammed Said Abdulla aliweza kumbuni Bwana Msa wa Unguja, na kiko chake na rafiki yake Najum, na kila msomaji akamwona Holmes kwa mbali, bila mtu yeyote kudaiwa senti.

Kiwanja cha huyu, nyumba ya yule

Sasa lile swali la sauti. Wenyeji wa Mombasa wataelewa haraka, kwa sababu katika mitaa yao ya zamani kuna nyumba nyingi ambazo ardhi ni ya mtu mmoja na jengo ni la mwingine. Mwenye nyumba anaweza kukuuzia nyumba, kiwanja hawezi. Hadithi ya kusikiliza iko hivyo hivyo, ila ina ghorofa zaidi. Chini kuna maandishi ya mwandishi. Juu yake huenda kuna tafsiri, yenye haki ya mfasiri. Juu ya tafsiri huenda kuna mswada wa mchezo wa redio, wenye haki ya aliyeuandika. Juu kabisa kuna rekodi: utendaji wa msomaji au waigizaji, na haki ya aliyerekodi. Kila ghorofa ina mwenyewe na ina miaka yake. Ya chini ikifunguka, za juu hazifunguki nayo.

Mfano mzuri ni wa Oktoba 30, 1938. Usiku huo Orson Welles na kikundi chake walitangaza kwenye redio ya CBS mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu viumbe wa Mirihi wanaoivamia dunia. Waliuandaa kama taarifa za habari zinazokatiza muziki, na baadhi ya wasikilizaji waliamini. (Magazeti ya kesho yake yalidai taifa zima lilikimbia majumbani, watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba hilo lilitiwa chumvi nyingi.) Riwaya ya Wells leo ni mali ya umma. Mswada wa redio, hata hivyo, uliandikwa na Howard Koch, aliyefariki mwaka 1995. Na rekodi ya usiku ule ina hesabu yake peke yake.

Hesabu ya rekodi Marekani ni kitu cha kushangaza. Hadi mwaka 1972 sheria ya taifa haikulinda rekodi za sauti kabisa. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2018 ndiyo iliyoweka tarehe. Rekodi zote za kabla ya 1923 zilifunguka Januari 1, 2022. Zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa kwa miaka 100. Za miaka ya 1947 hadi 1956, miaka 110. Zilizofuata hadi Februari 1972 zitasubiri mpaka 2067. Kwa hesabu hiyo, rekodi ya usiku ule wa 1938 inafunguka mwaka 2039, zaidi ya miaka 90 baada ya kifo cha Wells.

Tovuti zinazogawa michezo ya redio ya zamani ni nyingi, na karibu zote zimebandika maneno kwamba kila kitu ni mali ya umma. Ndani yake utamkuta Basil Rathbone akiigiza Holmes kuanzia mwaka 1939, na michezo ya mpelelezi wa gizani ambayo Welles huyo huyo aliitia sauti. Kwa vitendo, wenye haki hawafuatilii; wengine kampuni zao zilishakufa. Lakini kutofuatiliwa na kuwa huru ni mambo mawili, na anayetaka kuchukua rekodi hizo kuzitilia matangazo ya biashara aijue tofauti hiyo mapema. Kenya inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodiwa, kwa hiyo rekodi zile zile Nairobi zimeshafunguka.

Huko Uingereza, BBC ilirekodi hadithi zote 60 za Holmes kati ya 1989 na 1998, Clive Merrison akiwa mpelelezi na Michael Williams akiwa Watson. Kwa masikio yangu hakuna waliowahi kuwazidi; Watson wa Williams si mjinga wa kuchekwa kama yule wa filamu za zamani, ni daktari mwenye akili zake aliyekutana na mtu wa kutisha. Maandishi ya Conan Doyle ni yako na yangu. Rekodi zile hazimo katika mali ya umma, na hazitakuwemo kwa miaka mingi.

Wanaosoma bila malipo

Kusomewa hadithi ukiwa kazini si jambo la enzi ya simu. Mwaka 1865 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha El Fígaro mjini Havana walianza kumlipa msomaji kwa michango yao wenyewe akae juu ya jukwaa awasomee wakati wanasokota tumbaku. Desturi ikaenea Cuba na kuvuka hadi Florida. Magazeti asubuhi, riwaya mchana, na wafanyakazi ndio waliochagua kitabu. Riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu baharia aliyefungwa kwa hila, akatoroka gerezani na kulipiza kisasi ilipendwa sana, na sigara maarufu ya Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, ilichukua jina lake humo. Riwaya hiyo ilitoka kwanza gazetini kati ya 1844 na 1846, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikatwa mahali ambapo huwezi kuacha kusubiri cha kesho. Ndiyo maana inasikilizika vizuri mpaka leo. Tampa, wenye viwanda waliwaondoa wasomaji mwaka 1931, baada ya kuona hotuba za kisiasa zimeingia katikati ya riwaya, na redio zikachukua nafasi yao.

Agosti 2005 Hugh McGuire, akiwa Montreal, alianzisha LibriVox. Utaratibu ni mwepesi: mtu yeyote mwenye maikrofoni anachagua sura ya kitabu ambacho ni mali ya umma Marekani, anaisoma, mwingine anaisikiliza kukagua makosa, kisha inapandishwa bure. Na hapa ndipo jibu la swali la sauti: msomaji anaiachia rekodi yake pia iwe mali ya umma. Ghorofa zote zimefunguliwa. Unaweza kuikata, kuitia muziki, kuiuza, wala huhitaji kumtaja msomaji, ingawa uungwana unadai umtaje. Rekodi zimezidi 15,000, nyingi zikiwa za Kiingereza, na hadithi za upelelezi na safari za hatari zimo kwa mamia.

Ubora wake unapanda na kushuka, nisikufiche. Kuna msomaji anayekufanya upitilize kituo cha daladala, na kuna sura inayofuata iliyorekodiwa karibu na feni. Vitabu vilivyosomwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho kwa kawaida ni salama zaidi kuliko vilivyogawanywa. Tangu 2023 kumekuwa pia na maelfu ya vitabu vya Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, vilivyosomwa na sauti za kompyuta. Ni safi, matamshi hayana kasoro, na kwa hadithi ya upelelezi hazifai kitu: kompyuta inasoma kidokezo muhimu kwa sauti ile ile inayosomea rangi ya pazia. Unaweza kusema hiyo ni haki kwa msikilizaji, asisaidiwe. Mimi nataka msimulizi ambaye anajua muuaji ni nani na anajizuia.

Za kwetu

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya kwanza ya Bwana Msa, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958 na ikachapishwa 1960. Umri wake unawadanganya watu. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Hesabu 50: riwaya zake zinabaki mali ya warithi hadi mwisho wa 2041. Ben Mtobwa, aliyembuni mpelelezi Joram Kiango, alifariki 2008. Hadi mwisho wa 2058. Elvis Musiba, aliyemleta jasusi Willy Gamba, alifariki 2010. Hadi mwisho wa 2060. Kusoma riwaya zao nzima kwenye YouTube bila idhini si kuenzi wala si kukuza Kiswahili kisheria, hata kama maelezo ya video yanasema hivyo. Kumsomea mwanao kitandani hakuna anayekuzuia. Kurusha hadharani, tena na matangazo, kunahitaji barua kwa mchapishaji au familia. Barua hizo hujibiwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu riwaya nyingi kati ya hizo hazionekani tena madukani na familia hazipati chochote kutokana nazo.

Ngano za bibi nazo zina utata wake. Hadithi ya sungura na fisi haina mwandishi mmoja wala mwaka wa kifo. Lakini sheria ya Tanzania ya 1999 ina vifungu kuhusu sanaa za jadi, na Kenya ilitunga sheria maalumu mwaka 2016 kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii, ikilenga hasa anayezitumia kibiashara nje ya jamii zenyewe. Na zile zilizosimuliwa katika Mama na Mwana ya redio, ambazo Watanzania wa rika fulani bado wanazisikia masikioni? Ngano ni ya wote. Rekodi ni ya mtangazaji. Ukitaka kuisimulia ngano hiyo, isimulie kwa maneno yako na sauti yako.

Tafsiri, mahali ambapo kazi iko

Vitabu vya Haggard na Stevenson vilifika Kiswahili mapema. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson, ilitoka mwaka 1929 na ikasomwa shuleni kwa miongo kadhaa. Anayetaka kuirekodi lazima ahesabu mara mbili, kwa Haggard kwanza, kisha kwa mfasiri. Na hata hesabu zikitoka sawa, kuna swali ambalo sheria haiulizi: msikilizaji wa leo afanyiwe nini na sura zinazowazungumzia Waafrika kama watoto wakubwa? Mimi naona zisomwe kama zilivyo, na utangulizi mfupi wa kueleza, kuliko kukatwa kimya kimya.

Kukatwa kimya kimya kuna historia mbaya. Jules Verne alipofasiriwa kwa Kiingereza miaka ya 1870, Lewis Page Mercier aliifyeka riwaya ya nyambizi na Nahodha Nemo, akaondoa sehemu kubwa ya sayansi na siasa yake. Tafsiri hiyo mbovu, kwa kuwa ni ya zamani, ni huru. Na kwa kuwa ni huru, ndiyo iliyochapishwa na kurekodiwa tena na tena. Tafsiri nzuri za karne hii zina wenyewe, kwa hiyo hazisambai bure. Anayefasiri Verne kwa Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza cha bure anaweza kurithi mapengo ya Mercier bila kujua. Kifaransa chenyewe kiko wazi, na wasomi wa Kiswahili wanaokijua vizuri hawakosekani, hasa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi.

Kama ningeulizwa tuanze na ipi, ningetaja riwaya ya kwanza ya Verne ya safari, ya mwaka 1863. Wasafiri watatu kutoka Uingereza wanapaa kwa puto kutoka Zanzibar kuelekea magharibi, wanapita Kazeh, yaani Tabora, wanatafuta chanzo cha Nile. Verne hakuwahi kukanyaga Zanzibar. Aliijenga kutokana na maandishi ya wasafiri kama Burton na Speke, na makosa yake ni mengi, na dharau za zama zake zimo. Lakini ni safari inayoanzia forodhani kwetu, imekatwa sura fupi fupi, kila moja na hatari yake, na imeandikwa kama vile mwandishi alijua itasomwa kwa sauti.

Ruhusa ya kuifasiri haitakiwi popote duniani. Tafsiri hiyo, ikishaandikwa, ni mali ya aliyeifanya kwa uhai wake wote na miaka 50 baadaye, na sauti ni ya aliyeirekodi. Mwingine akitaka kuipandisha kwenye chaneli yake, itambidi aje kwa mfasiri, abishe hodi na kuomba.